Uzi wa Nailoni kwenye Kiota cha Mnana

Kila alasiri, akishavua sare ya shule, Swabrah aliketi barazani na mama yake, Bi Ramula, wakasuka makawa ya kufunikia chakula. Nyumba yao ilikuwa Masese, karibu na ziwa. Mwezi huo walikuwa na kazi nzito: kawa la binamu yake Juwairiya, aliyekuwa akiolewa Mbale. Katika ukoo wao, bibi arusi hakuenda kwa mume bila kawa lililosukwa na ndugu zake.

Swabrah alikuwa na mikono myepesi, ila kufumua alikuchukia kama dawa chungu. Akikosea duara, alilibana kwa uzi wa nailoni wa nyavu, kisha akapitisha ukili, ule utepe wa majani yaliyosukwa, wa rangi juu yake. Mama hakujua.

Mbele ya baraza palikuwa na mti ulioinamia maji, umejaa ndege waitwao minana. Madume ya manjano yalisuka viota kwa majani mabichi, kisha yakaning'inia vichwa chini, yakipiga mabawa na kelele za kuita majike. Jike lilikuja, likaingia, likavutavuta nyuzi kwa mdomo. Likiridhika, lilibaki. Lisiporidhika, huyoo, kwa jirani!

Dume moja la tawi la chini lilikataliwa kila siku.

"Huyu bwana bado tu hajapata mke?" alicheka Romano, jirani yao mshona nyavu. "Wanawake wa siku hizi wakali, hata kwa ndege!"

Kiota kilikauka, kikawa cha kahawia. Siku moja Swabrah aliliona dume likikinyofoa jani baada ya jani. Moyo ukamuuma. "Maskini! Anabomoa nyumba yake kwa hasira," alisema. Alichukua uzi wa nailoni kikapuni mwa mama, akapanda juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akakifunga kiota kwenye tawi, kaza kabisa. Huruma bila kuuliza ni hatari, lakini nani angemwambia?

"Swabrah, uzi wangu uko wapi?" mama aliuliza jioni.

"Sijui, Mama. Labda Romano ameuchukua."

Bi Ramula alivuka ua, akamsema Romano mbele ya wavuvi. Romano aliinamisha kichwa tu. Swabrah alisikia kila neno, akaendelea kusuka.

Asubuhi alitoka kwenda shule akaliona dume lake. Lilikuwa limerudi kufumua, uzi ukalinasa mguu. Lilining'inia kichwa chini kama siku zote, lakini mabawa hayakupiga. Juu yake majike yaliingia na kutoka viota vya majirani, hakuna lililogeuka kulitazama.

Romano alilishusha. Alilishika fundo, akalitazama, kisha akamtazama msichana. Swabrah aliona afadhali angepigwa.

"Ni mimi, Mama," alimwambia mama yake aliyetoka barazani, huku akilia. "Uzi niliuiba mimi. Nilitaka kumsaidia ndege huyu."

Bi Ramula alimpokea Romano ndege yule. "Hakuwa na hasira, mwanangu. Kiota kikikauka na kukataliwa, dume hukifumua, akasuka kingine kibichi palepale. Hiyo ndiyo nafasi aliyokuwa nayo, nawe umemfungia kosa lake asiweze kulitoa." Kisha akamgeukia jirani. "Nisamehe, bwana. Nilikuvunjia heshima kwa jambo usilolijua."

"Nisamehe, Bwana Romano," Swabrah alisema.

"Nimesikia," Romano alijibu, akarudi kwenye nyavu zake. Siku hiyo hakucheka.

Baada ya shule, Swabrah alileta kawa mwenyewe, akamwonyesha mama maduara yote aliyoyaficha.

"Kazi yenye kosa hufumuliwa," mama alisema. "Ukiifunga, kosa linabaki ndani. Na uongo ni vivyo hivyo: leo umeanza kuufumua, ila ndege hatarudi. Likumbuke hilo."

Swabrah alishika sindano, akaanza kufumua. Kwenye tawi la chini, dume jingine lilikuwa limekwisha kuleta jani lake la kwanza.