Baiskeli Iliyotoka Msibani

Kiti kilikuwa kimepanda tena.

Si sana, upana wa kidole hivi. Mtu mwingine asingejua, lakini mwendesha baiskeli wa mbio hukijua kiti chake kama mtu anavyoujua mto wake wa kulalia, na Kellen alikuwa amezungushia utepe mweupe kwenye nguzo ya kiti, pale inapoingia kwenye fremu, ili asibahatishe. Asubuhi hiyo utepe ulikuwa umeachana na fremu, na nati ilikuwa imekazwa barabara.

"Rodney," aliita kuelekea jikoni, "nani kakwambia uguse baiskeli yangu?"

"Hiyo mimi hata kuipita naipita kwa mbali," mumewe akajibu. "Nilikwambia ununue mpya."

Hapo ndipo ugomvi wao ulipokuwa ukianzia kila siku. Wote wawili walikuwa wamekulia Bukoba kabla ya kurudi Kigali, na nyumbani kwao Kicukiro waligombana kwa Kiswahili, lugha waliyopendania. Kellen alikuwa kwenye klabu ya baiskeli msimu wa tatu sasa, na kabla ya baiskeli hii alikuwa akisukuma chuma kizito kilichomchosha kabla ya mlima kumchosha. Timu ya mashindano makubwa ilikuwa imebakiza nafasi moja ya mwanamke. Aliitaka nafasi hiyo kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na kwa lile chuma lake asingeipata.

Pesa walizoweka zilitosha baiskeli moja. Kimihurura kulikuwa na duka lenye baiskeli mpya ya alumini, yenye dhamana, inang'aa kama sahani ya wageni. Rodney alimpeleka kuiona mara mbili. Kwa bei ile ile, kwenye kibanda kimoja pale Kicukiro, kulikuwa na kuukuu ya kaboni, ya aina wanayopanda waliobobea huko Ulaya, nyepesi hata ukiinyanyua kwa vidole viwili.

"Ya mtumba hujui imepitia wapi," Rodney alisema. "Kaboni ikipasuka kwa ndani huoni kwa macho."

"Na hiyo mpya yako itanifikisha wa mwisho nikiwa nang'aa," Kellen akajibu, na akanunua kuukuu.

Muuzaji, Bayingana, alikuwa mtu wa maneno matamu. "Mwenyewe arikuwa Mberigiji, arirudi kwao," alisema, akigeuza kila l kuwa r. "Hii igare iko safi, madamu. Haina hata kovu." Hakuna aliyemuuliza habari za kovu. Rangi nyeusi ilikuwa imepakwa nene, ya juzijuzi tu. Kellen aliiona, akajifanya hakuiona.

Tangu siku hiyo hasira zikahamia ndani ya nyumba. Mwanzoni Kellen alidhani ni uchovu. Akimaliza mazoezi alfajiri, anarudi anamkuta Rodney anakunywa chai, na sauti ya kijiko tu kwenye kikombe inamkata maini. Alimtukana jirani kwa sababu ya jogoo wake. Alilia chooni kwa hasira asiyojua chanzo chake. Lakini juu ya baiskeli hasira ile ile ikawa petroli. Milima aliyokuwa akiipanda huku anahema alianza kuipanda huku ameuma meno, na wenzake wakawa wanabaki nyuma mmoja mmoja.

Siku ya kuchujana, kocha aliwapeleka Kwa Mutwe, ule mlima wa mawe unaopanda kutoka upande wa Nyabugogo kwenda Nyamirambo. Kocha mwenyewe alikuwa Mkenya, Kipchumba, mtu wa maneno machache. Kellen alipoingia tu kwenye mawe, hasira ikampanda kutoka nyayoni. Aliwachukia wenzake kwa migongo yao. Aliyachukia mawe yenyewe, akamchukia na mama mmoja aliyesimama kando akimpigia makofi. Alisimama kwenye pedali, akatema mate kushoto, akaanza kuutukana mlima kwa sauti, na alipofika juu hapakuwa na mtu mwingine.

Kipchumba hakumpongeza. Alikuwa amekunja uso.

"Nani alikufunza kupanda hivyo?"

"Hakuna, kocha."

"Umesimama, umetema mate kushoto, umetukana mlima. Namjua mtu mmoja tu wa hivyo, na tulishamzika." Aliinama, akapapasa chini ya uma wa mbele, akatulia. Kidole chake kilikuwa kimekuta alama iliyokatwa kwa tupa. "Nilikata hii mwenyewe, isije ikaibiwa. Hii ni baiskeli ya Melchior, mwendeshaji wangu, mrefu kuliko wewe. Aliteleza kwenye mlima wa Rebero akiteremka kwa mvua. Halafu hii kitu ikapotea msibani, watu wakiwa bado wamekaa. Ndugu yake ndiye alikuwa anaangalia vitu."

"Ndugu yake anaitwa nani?"

"Bayingana."

Kellen alihisi ameshikwa ujinga mchana kweupe.

"Nafasi ni yako, ukiendesha hivi hivi," Kipchumba aliendelea, akishusha sauti. "Lakini ningekuwa wewe, singelala nyumba moja na hiyo kitu."

Mwenye akili angeirudisha jioni ile ile. Kellen alisikia neno moja tu, nafasi, akafuta alama ile kwa kiganja kana kwamba ingefutika, akaipanda mpaka nyumbani.

Jumapili walikuwa mezani, mvua inanyesha, umeme umekatika, mshumaa umesimama kati ya sufuria ya maharage na sahani ya ndizi. Baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta wa sebule. Ikaanza kulia. Wanaojua baiskeli za namna hiyo wanajua gurudumu la nyuma hulia tik-tik-tik mwendeshaji anapoacha kukanyaga na kuiachia iteremke, na kadiri mteremko unavyokuwa mkali ndivyo mlio unavyoharakisha.

"Kellen," Rodney alinong'ona. "Gurudumu linazunguka lenyewe."

"Kula chakula."

"Linazunguka, mke wangu. Tazama."

Hakutazama, kwa sababu hakuhitaji kutazama, aliusikia mlio ukiongezeka kama mtu anayeteremka mahali parefu pasipo na mwisho, na chumba kikajaa harufu ya breki zilizoungua na udongo uliolowa, harufu iliyopita juu ya maharage na moshi wa mshumaa ikamkaa kooni, na mlio ukakaza mpaka ukawa sauti moja nyembamba isiyo na pumzi, na ghafla ukakatika, na katika ule ukimya Kellen akajikuta amesimama na pampu ya chuma mkononi, mdomo wake unasema maneno asiyoyatunga, kwa Kinyarwanda kizito cha mwanamume, yeye ambaye Kinyarwanda chake kilikuwa cha kuungaunga, akiuliza nani aliyemtolea kitu chake nyumbani kabla hajaagwa, akiuliza tena na tena huku anamsogelea Rodney, ambaye alikuwa amejifunika uso kwa mikono na kuliita jina la mkewe polepole kama anayebembeleza mtoto mchanga, na pampu ikashuka.

Ilipiga ukuta kando ya sikio lake. Plasta ikamwagikia kichwani na begani.

"Sikuwa mimi," Kellen alisema, sauti yake imerudi.

"Najua," Rodney akasema, lakini hakuishusha mikono.

Kesho yake asubuhi walikwenda Biryogo kwa Mama Hadidja, mwanamke wa Kiislamu ambaye watu wa makanisa yote walimwendea kimyakimya na kuondoka kwake wakijifanya walikuja kununua sambusa. Alikuwa mnene, mwenye haraka, na hakupenda kupotezewa muda. Alisikiliza habari yote, akaweka kiganja kwenye kiti cha baiskeli, akasoma kimoyomoyo, akautoa mkono kana kwamba umeungua.

"Huyu si jini," alisema. "Jini ningemsomea akatoka. Huyu ni mtu aliyedhulumiwa na ndugu yake, na mimi simlaumu. Kwao mambo yako hivi: chombo cha kazi cha marehemu hakiguswi mpaka siku ya kuanua matanga. Siku hiyo ndugu wa damu hukitumia kwanza, kidogo tu, mbele ya watu, ndipo kinagawiwa kwa mwingine. Hii imeuzwa matanga yakiwa bado."

"Tufanye nini, Mama?" Rodney aliuliza.

"Mrudishieni huyo ndugu. Aipande, azunguke, aombe radhi, ashuke. Lakini wewe, binti, umshike kiti kwa nyuma tangu anapanda mpaka anashuka. Mkono wako ukiwa pale, marehemu atajua kuna anayemtetea huyo mtu. Ukimwachia, mimi simo."

"Na mbio zangu?"

Mama Hadidja alimnyooshea Rodney kidole. "Mumeo ana plasta kwenye nywele, na wewe unaniuliza mbio. Mbio zitakwenda naye."

Njia nzima Kellen aliisukuma baiskeli hatua tatu mbele ya Rodney. Nafasi aliyoililia misimu mitatu ilikuwa ikimponyoka kwa sababu mwanamume mmoja alishindwa kungoja msiba wa ndugu yake uishe. Kila alipomkumbuka Bayingana na maneno yake matamu, aliharakisha hatua.

Walimkuta Bayingana nyumbani kwake alasiri. Nyumba ilikuwa mwanzo wa kichochoro cha mawe kinachokwenda tambarare kidogo kisha kinaporomoka mpaka barabara kuu. Alikana kwanza. Mberigiji, Mberigiji. Kisha gurudumu la nyuma, lililokuwa limetulia tuli mbele ya macho yake, likalia tik, likanyamaza, likalia tena. Uso wa Bayingana ukawa wa majivu.

"Nifanye nini?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Wakamweleza. Akapanda. Kellen akashika kiti kwa nyuma, Rodney akabaki getini. Walizunguka ua, wakatoka, wakaenda polepole kwenye ile tambarare, kama mzazi anayemfundisha mwanawe, huku Bayingana akinung'unika kwa Kinyarwanda, akimwomba Melchior amsamehe. Mlio wa gurudumu ukalainika. Harufu ya breki ikapungua. Chini ya kiganja cha Kellen, kiti kilichokuwa na joto la mtu kikaanza kupoa, na ndani yake mwenyewe akahisi mzigo unashuka, kifua kinapanuka, kichwa kinakuwa chepesi. Mtu alikuwa anaondoka. Zilibaki hatua chache wageuze.

Bayingana naye alihisi. Alicheka, kicheko cha mtu aliyenusurika, akageuza shingo.

"Basi, imekwisha," alisema. "Sasa usirudi hapa kunisumbua, madamu. Mimi niriuza igare, wewe iko na tamaa, urinunua. Hata kuuriza haukuuriza."

Ilikuwa kweli, na hilo ndilo lililomchoma. Kellen aliutazama mkono wake. Hakuna aliyemsukuma. Hakusikia sauti ya mwanamume kichwani, wala mdomo wake haukusema neno la mtu mwingine. Vidole vikafunguka.

Baiskeli ikapita ukingo wa tambarare. Mlio ukaanza, tik, tik-tik, ukaharakisha, na Kellen aliona wazi mikono yote miwili ya Bayingana imebana breki mpaka vifundo vimekuwa vyeupe, breki alizozikagua Kellen mwenyewe asubuhi na zilizokuwa zikishika vizuri, na baiskeli haikujali, ikashuka inaruka juu ya mawe na mtu akiwa juu yake anaita jina la ndugu yake, mara ya kwanza kwa kuamrisha na mara ya pili kwa kuomba, mpaka kwenye barabara kuu, ambako lori la mchanga lilikuwa likipita.

Rodney alikuja mbio. "Umemwachia?"

"Kimeniponyoka," Kellen alisema.

Kwenye msiba wa Bayingana, mama yake yeye na Melchior, mzee Épiphanie, alikuwa amekaa kwenye mkeka akiwa amezika watoto wawili katika mwaka mmoja. Alipoambiwa Kellen ni nani, alimshika mikono yote miwili. "Murakoze, asante, mwanangu," alisema. "Umeturudishia kitu cha Melchior." Kellen alisema "mwihangane", pole ya Kinyarwanda, kama kila mtu alivyosema, akaenda kukaa na wanawake wengine.

Rodney hakujali bei. Alikopa ofisini, akanunua ile ya alumini kutoka Kimihurura, akaikabidhi kwa mkewe kwa furaha ya mtu aliyerudishiwa nyumba yake. Siku zile kiti kilikaa pale pale kilipofungwa. Gurudumu halikulia. Kellen alizungumza kwa upole, akaomba radhi kwa jirani mwenye jogoo.

Kipchumba alisema haki ni haki: baiskeli imebadilika, basi kuchujana kurudiwe. Kwa Mutwe, yeye na mpinzani mmoja, msichana aliyeshika nafasi ya pili.

Kellen alikwenda akiomba jambo moja. Aliomba achelewe. Aliomba mawe yamshinde, mapafu yamchome, yule msichana ampite na nafasi iende, ili ajue kwamba yote yalikuwa ya Melchior na yameondoka na Melchior.

Aliingia kwenye mawe. Akamwona mpinzani mbele yake, mgongo wake, viatu vyake vyeupe, na hasira ikampanda kutoka nyayoni, nyepesi, inayoijua njia. Alisimama kwenye pedali ile mpya isiyowahi kukanyagwa na mtu mwingine. Alimpita yule msichana bila kumtazama. Akatema mate, akautukana mlima, kwa Kiswahili chake cha Bukoba.

Juu alikuwa peke yake. Kipchumba alitazama saa yake, akamtazama yeye, akarudi nyuma hatua moja.

"Nafasi ni yako," alisema.

Kellen alishusha mguu, akasikiliza ndani ya kifua chake kama mtu anayesikiliza nyumba yake kabla ya kulala. Hakukuwa na mtu mwingine humo.