Mama Ameteleza

Junmoni Kalita alifungua mdomo mbele ya umati wa sikukuu ya Bihu mjini Tezpur, jimboni Assam, na sauti haikutoka. Akajaribu tena. Kikatoka kikwaruzo kama cha bawaba kavu. Kisha akashika tumbo na kuanguka kifudifudi jukwaani. Wapiga ngoma waliendelea kupiga. Walidhani anaigiza.

Wimbo wenyewe ulihusu mwanamke anayeanguka. Junmoni aliutunga peke yake, akaurekodi kwa simu ndani ya zizi la ng'ombe, na kabla ya mwaka mpya Assam nzima ilikuwa ikiucheza: mke anapigwa na mumewe, na majirani wakiuliza anajibu kwamba ameteleza. Waandishi walipomuuliza ni nani huyo mama, Junmoni alisema ni mwanamke fulani tu. Kiitikio chake kilikuwa kitamu mno. Watu walikicheza huku wakicheka.

Inspekta Nilakshi Phukan alikuwa zamu ya kulinda jukwaa. Yeye ndiye aliyembeba binti huyo hadi kwenye gari.

"Risasi," daktari alisema kesho yake.

Konstebo Dimbeswar alishtuka. "Kapigwa risasi? Mbona hatukusikia mlio?"

"Madini ya risasi, bwana. Yamo kwenye sindura, ule unga mwekundu ambao wake za watu hujipaka kwenye njia ya nywele. Damu yake imejaa. Yameharibu mshipa wa fahamu unaoendesha sauti."

"Sauti itarudi?" aliuliza Nilakshi.

"Ya kuongea, huenda. Ya kuimba, nisikudanganye."

Nilakshi alitoka nje, akapiga teke ndoo ya mfagizi. Binti mdogo, ndiyo kwanza anaanza, na mtu kakaa akamtilia unga wa sumu!

Kila mwimbaji wa huko anajua kwamba sindura ndani ya tambuu, lile jani la kutafuna na popoo, huua sauti. Na aliyempa Junmoni tambuu kabla hajapanda jukwaani alikuwa mmoja: Rontu Gohain, mfalme wa majukwaa ya Bihu mpaka binti huyo alipotokea. Jioni Rontu alikuwa kwenye chumba cha mahojiano.

"Ulimpa tambuu?"

"Nawapa wote. Ni Bihu, afande."

"Alikuwa anakunyang'anya majukwaa."

"Ndiyo. Nilimchukia, andika hivyo. Nina miaka naimba mapenzi na mito, kaja na wimbo wa zizini, watu wamenisahau!"

"Ukamtilia sindura."

Rontu akacheka kwa hasira. "Dada, wewe una bastola, mimi nina masikio. Sauti ya yule mtoto inakwaruza tangu mwezi wa kwanza. Nilimwambia akapumzike. Akaniita kizee mwenye wivu. Haya, tambuu ya jana iliikwaruza vipi sauti ya Januari?"

Nilakshi alifunga daftari. Alimwachia, akapeleka nywele za Junmoni kwa mkemia.

Ripoti ilipokuja, mkemia alimweleza kwa simu. "Nywele hukua na kile unachokula. Huyu kaanza kulishwa risasi mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili karibu wote, hakuna kitu. Mwezi wa tatu imerudi, nayo haikukatika tena. Kidogo kidogo, kila siku. Huyo ni mtu wa nyumbani, afande."

Nyumbani kwa akina Kalita, baba, Golap, alikuwa amekaa uani akimenya popoo. Mama, Tarulata, alikuwa kwenye kitanda cha kufumia nguo. Mkono wake wa kushoto haukunyooka. Nyuzi alizipitisha kwa mkono wa kulia tu.

"Mkono umefanyaje, mama?"

"Niliteleza, mwanangu."

Dimbeswar aliinamisha kichwa. Nilakshi alimgeukia Golap taratibu.

"Ule wimbo wa binti yako unaujua?"

"Aa, mimi ndiye baba wa wimbo!" Golap alitabasamu, meno mekundu. "Nikipita dukani wananinunulia chai. Wimbo mtamu sana ule."

Nilakshi alikaza ngumi. Alitamani mwenye sumu awe yeye. Alitamani mno.

"Mwezi wa pili ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Nikala wali mbichi mwezi mzima, alikuwa anapika Junmoni. Mama yake alikwenda Jorhat, msiba wa kaka yake."

Mkono wa Tarulata ukasimama juu ya nyuzi.

"Nani humchemshia Junmoni tangawizi na asali ya koo?" aliuliza Nilakshi. 

"Mimi," Tarulata alisema. "Kila asubuhi. Usihangaike kutafuta chupa ya sindura, nimeshaiosha kwa majivu. Ni mimi."

"Mwanao wa kumzaa!"

"Nilimwomba!" Mama yule akainuka, nyuzi zikakatika. "Nilimwambia imba mapenzi, imba mvua, imba chochote. Akanambia, 'Mama, mimi nakutetea.' Nani alimtuma? Wauza samaki wanaimba huku wakinipimia. Watoto wananiona, wanajiangusha chini, wanacheka. Arusini wakanivuta katikati nicheze. Nikacheza! Nimecheza mkono wangu uliovunjika, mbele za watu, nikitabasamu!"

"Basi kwa nini sumu hukumpa huyu?" Nilakshi alimnyooshea kidole Golap.

"Huyu alinipiga mlango ukiwa umefungwa. Mtoto akaufungua." Tarulata alifuta macho kwa ncha ya shuka. "Sikutaka afe. Nilitaka anyamaze."

Dimbeswar alitoa pingu kana kwamba ni nzito.

"Sasa mimi nani atanipikia?" aliuliza Golap.

Nilakshi alimshika shingo ya shati na kumgandamiza ukutani, popoo zikamwagika. "Mama, toa maelezo juu ya mkono huo. Sasa hivi. Naondoka nanyi nyote wawili."

"Andika niliyoyafanya mimi," alisema Tarulata. "Ya kwake hayakuhusu."

Hakutikisika. Nilakshi ilimbidi amwachie yule mwanamume, aondoke na yule mwanamke.

Hospitalini alimweleza Junmoni yote bila kuficha. Binti alipiga kelele isiyosikika, mishipa ya shingo imemtoka, kisha akaanza kumpiga inspekta ngumi za kifua. Nilakshi alisimama akazipokea. Alipochoka, Junmoni alichukua simu, akaandika:

"Na baba?"

"Yuko nyumbani. Mama hataki kusema, na mimi sina shahidi."

Junmoni akaandika haraka. "Mimi ni shahidi. Nilikuwa chini ya meza ya jikoni. Niliona alivyouvunja mkono wa mama."

Nilakshi alivuta kiti, akakaa, akatoa karatasi ya maelezo. Kisha akasita.

"Utakuwa umeufungua mlango ule ule, Junmoni. Safari hii mahakamani. Mama yako atakuchukia."

Binti alimkazia macho makavu. Akaandika neno moja, akamgeuzia simu asome.

"Ameshanichukia."

Kisha akainyakua kalamu mkononi mwa inspekta, akaanza kuandika jina kamili la baba yake.