Hatamu Juu ya Jiko

Kila siku baada ya shule, Kidoti na mdogo wake Kasuku walikwenda moja kwa moja nyuma ya zizi la farasi, kwenye karakana ya shangazi yao, fundi wa matandiko na hatamu. Kidoti aliitwa hivyo kwa alama nyeusi iliyokuwa shavuni mwake. Kasuku, mtoto wa baba mdogo, alipewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Hata sabuni aliisemesha.

Kazi ilikuwa na mpangilio wake. Unafungua vifungo vyote, unafuta jasho na vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, unasugua sabuni ya ngozi. Kisha unatundika kivulini, na ikikauka unapaka mafuta kidogo tu. Kidoti alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa miaka miwili. Kasuku alikuwa na miezi mitatu tu kazini, na tayari sifa zote zilikuwa zake.

"Kasuku, wewe safisha hatamu ya farasi mweupe," shangazi alisema Ijumaa moja. "Kesho mpandaji wake anamtoa mbele za watu. Kidoti, mwanangu, shika mikanda ya punda."

"Ya punda, shangazi?"

"Kwani punda hachubuki?"

Kasuku akaangua kicheko. Kidoti akaivuta mikanda kwa nguvu. Si yeye aliyemfundisha huyu mtoto hata kufungua kifungo?

Kasuku alipomaliza kusugua, aliitundika hatamu mbichi kwenye msumari, akaenda kunywesha farasi. Kidoti akaichukua haraka, akaining'iniza juu ya jiko la mkaa ambalo shangazi aliyeyushia nta. "Ipauke kidogo tu," alijiambia, "shangazi aone kazi ya kipenzi chake."

Aliporudi kuitazama, ngozi ilikuwa ngumu kama ubao. Akaimiminia mafuta, akasugua mpaka ikang'aa, akairudisha msumarini, kimya.

Kesho yake shangazi aliinua hatamu kwenye mwanga. "Kasuku! Kazi safi hii. Basi kabla mpandaji hajafika, mpande farasi umzungushe wewe. Mizunguko miwili, polepole."

Miaka miwili Kidoti alikuwa akiyangoja maneno hayo! Wivu ulimpanda mpaka masikio yakawaka moto. Alimtazama Kasuku akipanda, meno yote nje. Farasi akaruka kando kidogo, Kasuku akavuta hatamu. Pale ngozi inapojikunja kwenye pete ya lijamu, kile chuma cha mdomoni mwa farasi, Kidoti akaona mstari mwembamba ukifunguka.

"Kasuku, shuka!"

"Dada, wivu huo!" Kasuku alijibu kwa utani.

"Ndiyo, ni wivu! Niliiweka juu ya jiko! Shuka!"

Shangazi alimdaka farasi kwa ukanda wa shavuni, akamteremsha Kasuku. Akaikunja ngozi kwa kidole gumba. Ilijaa nyufa kama tope lililokauka. Akaivuta mara moja tu, ikakatika.

Kasuku aliviokota vile vipande viwili, akaviunganisha ncha kwa ncha.

"Ungenyamaza," shangazi alisema, "sasa hivi tungekuwa tunamwokota mdogo wako chini."

"Nisamehe, shangazi. Ilikakamaa, nikaipaka mafuta kuficha. Kasuku, nisamehe."

"Mimi nilidhani nimeweza kung'arisha!" Kasuku alisema, machozi yakimlengalenga. "Kumbe ni mafuta yako."

Shangazi alileta hatamu ya akiba, na mpandaji alipofika alikuta kila kitu tayari. Baadaye shangazi alimkalisha Kidoti mbele ya kipande cha ngozi mpya, sindano na uzi.

"Kila mtu huona wivu, hata mimi," alisema. "Ubaya ni kuuficha na kupaka mafuta juu ya ufa. Siku nyingine ukiumia, njoo useme, kama ulivyosema leo ukamwokoa mwenzako."

Kidoti aliishika sindano. "Basi nasema. Miaka miwili sijapanda hata mara moja, shangazi. Imeniuma."

Shangazi alimsogezea uzi. "Kweli. Hilo nalo ni kosa langu. Shona hiyo hatamu vizuri. Ikikamilika, utampanda farasi nayo. Ila Kasuku ndiye atakayeikagua kwanza."

"Nitakagua kila tundu!" Kasuku akadakia, akivuta kigoda kando ya dada yake.