Kiatu cha Mkurugenzi

Lifti ya jengo la maduka ilikwama Jumamosi saa sita mchana, watu wamejaa nje ya mlango wake na kila mmoja ana ushauri ambao hakuombwa. Fundi wa lifti alifika mbio na mkoba wake wa vifaa. Ovaroli yake ilikuwa imepigwa pasi barabara, maana kijana yule alikuwa mtanashati hata ndani ya grisi. Alibandika mdomo kwenye upenyo wa mlango.

"Tulieni humo ndani! Msiogope! Tulieni!"

"Sisi tumetulia," ikajibu sauti ya mwanamke, bila haraka. "Anayepiga kelele ni wewe."

Umati ukaangua kicheko.

"Sasa kaka, fanya hivi. Ongea polepole. Kabla hujagonga, tuambie utagonga mara ngapi. Niko na mwenzangu, hapendi kushtukizwa."

Fundi hakuwa mtu wa kupangiwa kazi na sauti, lakini alitii. "Nagonga mara tatu." Ndani watu wawili wakahesabu pamoja, sauti moja nyororo na nyingine nzito. Mlango ulipoachia, alitoka kwanza mwanamume wa miaka arobaini na ushee, amevaa suti ya kijivu na mkoba uko kwapani, akampa fundi mkono kwa heshima zote. Nyuma yake akatoka mwanamke mwenye gauni la manjano na raba nyeupe, nywele kazibana kwa penseli. Fundi alimtazama mpaka akasahau lifti.

Yule bwana kila mtu alimwita Mkurugenzi, kwa ajili ya suti na mkoba wake. Alizaliwa na ulemavu wa akili, na maneno kwake yalikuja kwa shida. Mwanamke alikuwa mtaalamu wa tabia: kazi yake kuwachunguza watu kama Mkurugenzi, ajue kinachowafanya wapige au warushe vitu, kisha awatafutie njia nyepesi ya kusema wanachotaka.

"Kumbe na wewe ni fundi," alisema fundi.

"Tofauti ni kwamba wangu hawajaharibika."

Hapo fundi akawa amekwisha. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Miezi sita baadaye hata mlinzi wa ofisini kwao alijua fundi amekula nini jioni, kwa kuwa alikuwa anamripotia mpenzi wake kwenye simu kwa sauti. Mama yake akaomba aletewe mkwe Jumapili amwone.

Alhamisi ya wiki hiyo, fundi alikuwa anapita karibu na benki na wenzake watatu wa kazini, shati jipya la bluu mwilini, alipomwona mpenzi wake ng'ambo ya barabara.

"Yule pale! Subirini muone mtu anavyopendwa." Akapaza sauti. "Malaika wangu!"

Malaika alikuwa anatazama ukuta. Pembeni yake Mkurugenzi kasimama na soksi moja, kiatu kiko katikati ya barabara.

"Mpenzi! Ni mimi!"

Akamgeuzia mgongo kabisa. Aliutazama ukuta ule, usio na hata tangazo, kama mtu anayetaka kuununua.

"Labda umemfananisha," alisema mmoja wa wale watatu kwa huruma, na huruma hiyo iliuma kuliko matusi.

Mchana huo simu ikaita.

"Mpenzi, nisamehe. Nilikuwa kazini."

"Kazi gani ya kutazama ukuta?"

"Siwezi kukueleza. Ni siri ya mtu."

"Mtu! Mtu gani?"

"Nikikutajia, itakuwa siri gani tena?"

Fundi akakata. Akampigia mama yake kuvunja safari. "Amenikana mbele za watu, mama."

"Na mimi nishawaambia majirani wote! Utawaeleza wewe!"

Akanuna wiki mbili. Mtaalamu alipiga mara tisa, na mara zote tisa fundi aliitazama simu ikitetemeka mezani, akifurahi inapoita na kuumia inapokoma. Kisha ukaja ujumbe: "Sitapiga tena. Ukiwa tayari kuongea, nipo." Na kweli hakupiga.

"Hasira hasara," dada yake alimwambia. "Unampenda?"

"Nampenda."

"Basi utampoteza hivihivi, kwa kununa tu. Mpigie."

"Aanze yeye."

Kiburi si maungwana. Siku ya kumi na tano akatumwa kutengeneza lifti ya kituo cha watu wenye ulemavu, kulekule alikofanya kazi mtaalamu, na hakuwa na namna ya kukwepa. Aliingia ukumbini wakati wa chai. Mkurugenzi alimwona kwa mbali, uso ukachanua, akavua kiatu akakirusha. Kikapita juu ya birika.

Palepale ukumbi mzima ukapata shughuli nyingine. Mpishi akatazama dari, dereva akakagua kucha zake, na mtaalamu, kajifunga kilemba cha kijani, akageukia ukuta.

Fundi, kwa adabu aliyolelewa nayo, akakimbia kukiokota. "Mzee, kiatu chako hiki!"

Ukumbi ukaguna. "Miezi minne ya kazi," alinong'ona mpishi, "na wewe dakika moja!"

Mkurugenzi akamgusa fundi begani.

"Siri yangu," alisema. "Nakuambia mimi. Nikirusha kiatu, hawaangalii. Nikigusa bega, wanaangalia upesi. Siku ile nilirusha. Wewe ukaita."

"Na leo umerusha kwa nini?"

"Nimefurahi kukuona. Nikasahau."

Fundi aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Akamwendea mtaalamu pale ukutani.

"Kwa hiyo hukunikana."

"Ningegeuka, angejua kiatu kinafanya kazi."

"Ungenidokezea."

"Siri haikuwa yangu. Sasa nikuulize. Ulikuwa unanuna ili nifanye nini?"

Fundi akafikiri kwa uaminifu. "Upige tena."

"Nikapiga mara tisa! Nikagundua nakufundisha kununa. Ndipo nikaacha."

"Yaani nilipuuzwa kitaalamu?"

"Kitaalamu kabisa. Na nililia kila siku, kama unataka kujua."

Nyuma yao sauti nzito ikasema, "Usinune. Omba."

Fundi akavuta pumzi. Akaongea polepole, watu wote wakisikia. "Nilikosea. Kiburi kilinishika, na nimekukosa mpaka nguo zinanipwaya. Naomba nikuoe."

Alikuwa amejiandaa kubembeleza. Lakini katika nyumba ile aliyeomba vizuri hujibiwa hapohapo, hata kama mdomo umejaa mkate.

"Ndiyo," alisema mtaalamu, machozi yanamtoka na kicheko juu yake.

"Lini?" aliuliza Mkurugenzi, kalamu iko tayari. "Nataka siku."

Wapenzi wakatazamana. Hawakuwa wamemuuliza mama, wala shangazi, wala mtu yeyote.

"Jumamosi ya pili ya mwezi ujao," fundi akajikuta amesema.

Mkurugenzi akaandika taratibu kwenye daftari lake, akapigia mstari mara mbili, akalifunga. Na kwa kuwa kwake yeye kilichoandikwa hakibadiliki, mtaalamu akamshika fundi mkono, akamwambia ampigie mama yake sasa hivi.