Mbao ya Nyuma ya Kitanda

Tulikwenda kuichukua ile karavani, nyumba ndogo ya kukokotwa na gari, jioni moja ya Oktoba, mimi na binti yangu Janelle, kwa pikapu yangu. Shamba la mzee Elwood Dunkelberger liko juu vilimani, upande wa Oley, mahali ambapo jua likishaegemea kilima tu, bonde lote linaingia giza. Ilikuwa safari ya kawaida. Kwenda, kufunga mnyororo, kurudi.

Mke wangu Verna tulikuwa tumemzika Agosti.

Mimi sikulia. Majirani walileta pai na masufuria ya kuku kwa tambi, wakanishika mkono, nikawashukuru, nikaosha vyombo vyao nikavirudisha. Nilikuwa kama mguu uliokufa ganzi: upo, lakini hausemi kitu. Janelle ndiye aliyelia kwa ajili yetu sote. Aliacha kazi mjini Reading akarudi nyumbani, akawa hali wala halali, mashavu yakamwingia ndani. Kitu kimoja tu alikitaka, karavani ya zamani ya bati, kama ile ambayo mama yake miaka yote alisema tutaipata, tutaitengeneza, twende nayo mpaka pwani ya Maine.

Mimi nimepiga bati maisha yangu yote, kwenye kiwanda cha bodi za malori. Nikamwambia sawa.

Mzee Elwood alitusubiri uani, tochi mkononi ingawa mwanga ulikuwa bado upo. Karavani ilikuwa nyuma ya nyumba, imekaa pale tangu ujana wake, bati lake limepauka kama jicho la kipofu. Hakutaka kitu kwetu. Alisema shamba limeuzwa, yeye na dada yake watahamia mjini baridi ikiisha, na mwenye shamba mpya angeivunjavunja. Afadhali ipate mtu wa kuitunza.

Dada yake, Orpha, alikuwa amekaa kwenye dirisha la jikoni. Bibi mzee sana, mweupe kama unga. Alikuwa akitutabasamia. Janelle akampungia mkono, na yule bibi akaendelea kutabasamu vilevile, tabasamu lisiloongezeka wala kupungua.

Nilipokuwa nakaza mnyororo, mzee Elwood aliinama karibu na sikio langu.

"Mbao ya kona, nyuma ya kitanda," alinong'ona. "Hata ukiikuta imeoza, usiitoe. Weka mpya ubavuni mwake."

Nikamuuliza kwa nini.

"We iache tu, Clayton."

Nikadhani ni uzee. Tukaondoka.

Kazi tuliifanyia kwenye banda letu, karibu na jiko la kuni. Tulifungua skrubu zilizoliwa na kutu, tukabandua mabati moja moja kuanzia chini, kila bati tukaliandika kwa chaki upande wa ndani. Ndani yake kulinuka panya na ukungu. Fremu ya mbao ilikuwa imekwisha; ukibonyeza kidole, kinazama kama kwenye keki iliyolowa. Chesi, ile fremu ya chuma ya chini, ilikuwa na afadhali. Nilikata vyuma vilivyooza, nikachomelea vipya. Janelle alikaa na mfuko wa mchanga na nyundo ya mti, ananyoosha mabati yaliyobonyea.

Siku nyingine alifanya kazi vizuri. Siku nyingine nyundo ilimbakia mapajani, akalia mpaka akakohoa. Mimi nilisimama pale. Sikujua la kufanya na mikono yangu, basi niliendelea kufungua skrubu.

Tukaifikia ile kona.

Mbao yake haikufanana na zingine. Ilikuwa nyeusi, nzito. Kwenye usawa wa kifua cha mtu mzima palikuwa na kizibo cha mti cha mviringo, kimegongomelewa ndani mpaka kikawa sawa na uso wa mbao.

Janelle alitega sikio pale. Akakaa hivyo muda.

"Baba... kuna mtu humu. Analia."

Nikatega la kwangu. Hakuna kitu. Mbao tu, baridi, na harufu... Maziwa yaliyochacha, na kafuri.

Kuanzia hapo hakutoka kwenye kona ile. Kila nilipoingia bandani nilimkuta ameegemea mbao, amefumba macho, anayumba kufuata kitu ambacho mimi sikukisikia; anatulia kidogo, anaanza tena. Alizidi kukonda. Nilimsihi ale, akaniambia kwa upole kwamba mwenzake wa mle ndani ya mbao hajala. Nikaona mbao hii itanimalizia mtoto.

Jioni alipoingia ndani kujilaza, nilichukua mtaimbo.

Ilitoka kirahisi, chini ilikuwa imeoza yote. Nikaiweka mezani, nikagonga kizibo kikatoka. Ndani ya tundu kulikuwa na shungi la nywele za kahawia, laini, nywele za msichana, zimefungwa kwa uzi mweupe wa sufu kama ule wa kufumia soksi za mtoto mchanga. Niliziangalia. Sikuhisi kitu. Nikatia vyote ndani ya jiko la kuni, mbao na kizibo na nywele, nikafunga mlango wa jiko.

Moto ulinywea.

Kisha nikasikia mtu anavuta pumzi.

Ndani ya jiko.

Halafu yowe. Mimi niliyekuwa sisikii, hilo nililisikia. Sauti ya mwanamke, imetoka chini kabisa ya tumbo, ikapanda na bomba la moshi, ikatoka nje juu ya paa. Mbwa wa jirani akabweka. Halafu mbwa wa shamba linalofuata. Halafu wa shamba la mbele yake, na wa mbele yake, wakipokezana, sauti zikienda mbali, kuelekea vilima vya Oley.

Kisha kimya. Kuni zikawaka kama kuni.

Asubuhi mzee Elwood alikuja, kofia mkononi. Hakukaa. Alinieleza yote akiwa amesimama kando ya lile jiko, kwa sauti ya mtu anayesoma habari za watu wengine.

Orpha na mumewe, walipooana, walianzia maisha kwenye karavani ile. Mtoto wao wa kwanza alifia humo, kwenye kitanda cha kona, baridi ya Januari. Orpha alipiga kelele, akagoma kula, akataka kufukua kaburi. Babu yao alikuwa mganga wa vilima vile, anaponya kwa maneno na kwa mti. Alimkata nywele, akatoboa mbao, akamwambia apumulie ndani ya tundu mpaka aishiwe pumzi, kisha akaziba. Elwood ndiye aliyemshikia nyundo, na ndiye aliyefundishwa maneno. Orpha akainuka papo hapo, akaomba mkate. Hakulia tena maisha yake yote. Hata mumewe alipokufa, alitabasamu na kuwakaribisha watu kahawa.

"Tulisema amepona," alisema mzee.

Jana jioni walikuwa mezani. Orpha akaweka kijiko chini, akamtazama kaka yake, akamuuliza mtoto yuko wapi. Halafu akaanza. Alilia mpaka sauti ikakatika, akaendelea bila sauti. Alfajiri moyo ulisimama.

"Miaka yote ile, Clayton. Imemrudia kwa mara moja."

Hakunilaumu. Alitaka majivu tu, amzike nayo. Nikayachota nikamtilia kwenye kopo la kahawa.

Hapo ndipo nilipomwona Janelle mlangoni. Sijui alisimama tangu lini. Alimuuliza mzee swali moja: katika miaka ile yote, Orpha aliumia?

Mzee alikaza kifuniko cha kopo.

"Hapana," akasema. "Hakuwa na kitu."

Niliuona uso wa binti yangu. Sikuusoma. Nilikuwa mtu wa kuona vitu bila kuvisoma, wakati ule.

Nikajenga fremu mpya, mbao safi za msonobari, kila kiungo nimekitia gundi na skrubu. Janelle akawa anapanda vilimani mara kwa mara kumpelekea mzee chakula. Nikasema vizuri, amepata mtu wa kuzungumza naye.

Februari, asubuhi moja, alishuka ngazi akipiga mluzi. Alikula mayai, akala na sehemu yangu. Aliniuliza tunaanza kurudisha mabati lini. Alikuwa amefunga nywele juu, na alipogeuka kuosha sahani nikaona kisogoni pamenyolewa. Kipande kidogo tu, kama sarafu.

Nikaenda bandani.

Kona ya nyuma ya kitanda, kwenye mbao yangu mwenyewe, kulikuwa na kizibo kipya. Kimepigwa msasa vizuri. Nilimfundisha mimi kupiga msasa. Nikakiwekea kiganja... Kulikuwa na kitu kinagonga kwa ndani, taratibu, kama kifaranga kwenye yai.

Nikampigia simu mzee Elwood. Nikamuuliza: nikikitoa sasa hivi, siku hii ya kwanza, bado ni kidogo, atakiweza?

Nikamsikia akivuta kiti, akakaa.

"Alinisihi sana," akasema. "Nami kufunga nilifundishwa. Kufungua, sikufundishwa."

Nilichukua nyundo na tindo. Nikaweka tindo juu ya kizibo. Nilifikiri juu ya Orpha, na kijiko chake alichokiweka chini. Nilifikiri pia kwamba kila mwaka utakaopita kitazidi kujaa, na kwamba hakuna mbao isiyooza. Kutoka nyumbani nilimsikia Janelle akicheka kwenye simu na rafiki yake. Sikuwa nimesikia kicheko kile tangu kiangazi.

Nikaweka tindo chini.

Nikachukua bati la kona, nikaligongea juu yake. Nilijaza gundi ya kuziba kwenye kila mshono, mara mbili, maji yasipate njia.

Maine hatujaenda. Karavani iko bandani, inang'aa kiasi kwamba ukisimama mbele yake unajiona. Mvua ikinyesha naenda kuipapasa kwa ndani, mshono kwa mshono. Watu husema Janelle amekuwa mfano wa kuigwa. Yuko kazini tena, amenenepa, ana mchumba. Marehemu mama yake, Janelle humtaja mara chache, kama mtu anayemtaja jirani aliyehama.

Juzi jioni nilikuwa nimekaa pale kwenye kigoda, mgongo kwenye bati. Nakaa hapo siku nyingi. Janelle akaniletea sahani ya chakula. Alipofika karibu akasimama, akainamisha kichwa upande.

"Baba, nani analia?"

Nikamwambia ni upepo.

Akasikiliza tena. Uso wake ulikuwa mtulivu, wa huruma kidogo, kama wa mtu anayepita barabarani akaona mazishi ya watu asiowajua.

"Maskini," akasema. "Amefiwa, huyo."

Akanipa sahani, akaniambia nile kabla hakijapoa.

Nikala.