Mwanamke wa Kisimani

Soko la mitumba la Amman, Ijumaa saa nne asubuhi, si mahali pa kuoneana haya. Ukipenda kitu unakikumbatia kwanza, mengine baadaye. Wisam aliikumbatia televisheni ya kizamani, ile yenye mgongo mrefu, akashtukia mikono mingine miwili imeishika upande wa pili. Ilikuwa ya mwanamke mwenye koti la kijani lililomfika magotini, ushungi wa rangi ya maziwa, na raba zilizojaa vumbi la soko.

“Kaka, umeshika televisheni yangu.”

“Yako tangu lini, dada?”

“Tangu nilipoiona nikiwa kule kwa muuza viatu.”

“Kwa macho tu? Basi na ule msikiti pale ni wako.”

Mwanamke alibana midomo asicheke. “Baba yangu mgonjwa, akili zimemruka. Hizi nyembamba za siku hizi anadhani ni dirisha, anawafokea waliomo watoke bustanini kwake. Wewe ya nini?”

Wisam aliona haya. “Natengeneza mchezo wa kompyuta. Wa kizamani. Nataka kuona picha zangu zinatokaje kwenye kioo cha namna hii.”

“Na ndevu zote hizo?”

“Na ndevu zote hizi.”

Aliiachia, tena akaibeba mwenyewe hadi kwenye teksi ya yule dada, mgongo ukimwuma. Teksi ilipoondoka alikuwa na namba ya simu ya Rudaina, mfamasia wa mtaa wa Weibdeh, na televisheni hana.

Basi wakapendana. Wisam alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, miaka sita akiutengeneza mchezo ule peke yake: msafiri mmoja aliyechorwa kwa vidoti vikubwa anavuka vijiji, anapigana, anaongea na watu, anakua. Ulikuwa ukiuzwa ungali haujaisha. Walioununua walijua wananunua nyumba isiyoezekwa. Walicheza kilichopo na kumwandikia kila kosa waliloliona. Rudaina aliununua siku ya pili tu, na akiwa kazini, mteja akitoka, alipiga simu.

“Mfalme wa vidoti, mbuzi wako anapita ndani ya ukuta.”

“Ana haraka, habibti.”

“Na yule bibi kisimani kwa nini bubu? Nimemsalimu mara tatu.”

“Hujamfurahisha. Na mimi pia bado hujanifurahisha leo.”

“Wewe utafurahishwa na mama yako. Kwaheri, mteja kaja.”

Wisam alikuwa mtu mpweke kabla yake, na hakujua kwamba ni mpweke hadi alipoanza kuingoja simu ile.

Majira ya baridi baba yake Rudaina alifariki. Siku ya tatu ya matanga, wageni walipokuwa wakinywa kahawa chungu sebuleni, Rudaina alijifungia jikoni akapiga simu. Sauti yake ilikuwa ndogo.

“Wisam, nikwambie kitu ambacho sijamwambia mtu?”

“Niambie, roho yangu.”

“Nilikuwa namwosha miguu, nikamwomba Mungu amchukue ili nilale. Sikumwombea yeye. Nilijiombea mimi.”

Wisam alimtuliza kwa maneno mazuri, na yote yalikuwa ya kweli. Lakini wakati ule alikuwa amekaa mezani pake, kompyuta iko wazi. Watu wa kazi hii wana mazoea yao: pale ambapo maneno bado hayajapatikana, huweka maneno yoyote yajaze nafasi, wakijiambia watarudi kuyabadilisha. Bibi wa kisimani alikuwa hana la kusema miaka yote hiyo. Wisam akampa hayo aliyoyasikia kwa Rudaina. Tuseme haki, alilia huku akiandika. Lakini aliandika.

Kisha akasahau kuyabadilisha, na toleo jipya likaenda kwa wachezaji.

Arobaini ilipopita, Rudaina aliufungua mchezo ajiliwaze. Akafika kisimani, akamsalimu yule bibi kwa mazoea, na bibi akamjibu. Alisoma mara mbili, kisha akapiga simu.

“Wako wangapi wanaocheza sasa?”

“Kama elfu thelathini. Vipi, mpenzi?”

“Mama yangu hajui lile jambo, Wisam. Dada zangu hawajui. Elfu thelathini wanajua.”

Wisam aliinuka kitini. “Wallahi, Rudaina, yalikuwa ya muda tu. Nilitaka kuyabadilisha, nikasahau.”

“Ya muda,” alisema Rudaina taratibu. “Ukasahau.”

Hapo Wisam alijimaliza mwenyewe. Yeye alidhani anaomba radhi. Rudaina alisikia kwamba kifo cha baba yake kilikuwa cha kuzibia tundu. Akakata simu. Wisam aliyaondoa maneno yale kabla saa haijaisha, na wachezaji wakamjia juu wakitaka yule bibi arudishiwe sauti. Hakuwajibu. Alimpigia Rudaina wiki nzima, kisha akaacha kupiga. Miezi minane alipita mbele ya duka la dawa, akamwona ndani na koti lake jeupe akiwahesabia wazee vidonge, akashindwa kuingia. Alikula akiwa amesimama kwenye sinki, na kuna siku jua lilizama hajamsemesha mtu.

Hatimaye mchezo ukaisha. Alitangaza kwamba Jumanne, saa tisa alasiri, utatoka ukiwa kamili. Adhuhuri ya siku hiyo bibi wa kisimani alikuwa bado kimya; kila sentensi aliyompa ilisikika uongo. Mchezo uuzike usiuzike, hilo halikumkosesha raha. Alichotaka ni yule mwanamke wa koti la kijani. Akamwandikia: *Leo unakamilika. Kisimani sitaweka neno bila ruhusa yako. Nipigie, hata kama ni kunitukana.*

Saa nane na nusu simu ililia.

“Umekula?” aliuliza Rudaina.

“Bado.”

“Utaanguka. Nimesoma walivyoandika watu juu ya yule bibi. Nilikuwa natafuta wanaonicheka. Kuna mama wa Brazili alimwombea mama yake vilevile. Kuna bwana wa Korea, mkewe. Wako wengi, Wisam. Nilidhani dua ile ni yangu peke yangu.”

“Rudaina...”

“Yarudishe. Kama yalivyokuwa, usiyapambe.”

“Basi njoo. Njoo tubonyeze pamoja. Ijumaa nakuja kwenu na wazee wangu, mama yako akitaka nitaingia kwa magoti.”

Rudaina alicheka, cheko la kwanza kwa miezi minane, na Wisam akafumba macho.

“Mwehu wewe. Nakupenda, unalijua hilo?”

“Basi njoo.”

“Siwezi. Nimekusamehe, si hilo. Lakini mimi moyo ukiniuma lazima niseme. Na kila nitakapokwambia neno, nitakuwa nasikiliza kama unaandika.”

“Siandiki.”

“Sasa hivi huandiki.”

Mtaani gari la kuuza gesi lilipita likipiga muziki wake, likaishia.

“Haya, bonyeza,” alisema Rudaina. “Watu wanangoja. Na ule chakula.” Simu ikakatika.

Wisam aliyarudisha maneno ya bibi, na saa tisa kamili akabonyeza. Kabla ya robo saa maelfu walikuwa wameshaingia, na pongezi zikawa zinashuka kwenye kioo kwa lugha asizozijua. Aliziangalia. Halafu mkono wake ukafungua lile faili analowekea maneno mazuri, ukaandika: *Kila nitakapokwambia neno, nitakuwa nasikiliza kama unaandika.*

Hakukusudia. Aliisoma, akaona ni nzuri, na tayari alishajua ataitia kwenye kinywa cha nani. Ndipo alipoondoa mikono mezani.

Akaifuta. Kisha akachukua simu amwambie Rudaina kwamba ameifuta, akakumbuka kwamba kabla ya kuifuta aliiandika, akairudisha mezani.