Futingi ya Tantine Verediane

Asubuhi, watoto wa mtaa wa Mbugangari wanashuka bombani na bidoni tupu za maji, na we unawajua watoto: hawatembei. Wanakimbia huku bidoni zinapiga kelele kama ngoma. Zamani, kabla hawajahamia hapa, Mukeshimana ndiye alikuwa anafika wa kwanza majini. Sasa alikuwa anakuja nyuma, taratibu, mkono kifuani.

"Mukecuru, tukuletee fimbo?" Tuyishime, mwenzake wa bombani, alimtania, akimwita bibi kizee.

Si uvivu. Familia yao ilitoka Mudende, huko juu kwenye viazi, usiku wa risasi. Walikimbia mpaka mjini. Basi mbio, giza na hofu vikashikana mwilini mwake. Tangu hapo moyo ukidunda kidogo tu, aliona ule usiku umerudi. Hata darasani, upepo ukibamiza mlango, alikuwa anatoka mbio. Na mtihani wa darasa la sita ulikuwa karibu. Mwalimu alishasema: atakayetoka nje harudi ndani.

Mama yake, Pulchérie, aliamini ni ugonjwa wa moyo. Muganga wa dispensari alisikiliza akasema moyo ni mzima, lakini mama ni mama. Alimkataza kukimbia, akamkataza hata kuruka kamba. "Keti, mutoto yangu, moyo ipumzike." Basi mtoto anakaa, anasikiliza moyo, na akiusikiliza anaogopa zaidi.

Jumamosi moja akaja Tantine Verediane kutoka Goma, dada ya baba yake. Watu wa Goma wanapenda futingi: kukimbia kwa kikundi asubuhi, wakiimba. Kesho yake alfajiri, Tantine amevaa raba, kitenge amekaza kiunoni.

"Twende futingi."

"Tantine, mi niko mugonjwa ya moyo."

"Muganga alisema nini?"

"Alisema iko muzima."

"Bon, vizuri. Basi twende tuiulize moyo yenyewe."

Pulchérie akasimama mlangoni. "Wifi, utaniulia mutoto."

"Nitamurudisha na njaa. Pika viazi mingi."

Wakashika barabara ya ziwani, mbio ndogo, ile ya mtu kuweza kuongea. Tantine aliimba, sauti si nzuri sana. Mara Mukeshimana akasimama, macho yamemtoka.

"Imekuja."

"Nini imekuja?"

"Ile woga."

Tantine hakumvuta. "Angalia nyuma. Iko nani?"

"Iko mbuzi tu."

"Sasa moyo inapiga juu ya nini, sababu gani?"

Mukeshimana akafikiri. "Juu ya mbio?"

"Eh. Kuja tukae."

Wakakaa mchangani, mbele ya maji ya Kivu. "Funga macho, weka mukono hapa. Wimbi ikikuja, vuta pumzi. Ikirudi, achilia. Kichwa ikienda Mudende, usiigombeze. Irudishe tu kwa maji."

Kichwa kilienda Mudende, kikarudi, kikaenda tena. Na moyo, polepole, ukatulia.

"Imeshuka," akanong'ona.

"Nani aliishusha?"

"Hakuna mutu. Imeshuka yenyewe."

Tantine akawa anakuja kutoka Goma kila Jumapili, wanafanya hivyo. Siku zingine Mukeshimana alikimbia mwenyewe mpaka bombani, akaketi juu ya bidoni, akafumba macho.

"Unaatamia bidoni?" Tuyishime akauliza. "Itatotoa lini?"

"Ikitotoa nitakupa moja."

Usiku mbaya haukuisha wote, lakini ulipungua.

Siku ya mtihani, upepo ukabamiza mlango. Moyo ukaruka, miguu ikataka nje. Mukeshimana akaweka kalamu chini, mkono kifuani, akatafuta mawimbi yake. Hesabu moja ilimpita hapo. Moyo ukashuka. Akashika kalamu tena.

Mama alikuwa anamngoja getini. "Ulitoka?"

"Nimetoka pamoja na wengine, Mama."

Pulchérie alimkumbatia. Jumapili akafunga kitenge akawafuata futingi, na kabla ya kufika ziwani akasimama, anahema, mkono kifuani.

"Keti hapa, Mama," Mukeshimana akamwambia. "Itashuka."

Tantine akaketi katikati yao. "Munaona? Mwili na kichwa ni ndugu ya nyumba moja. Ukikaa tu, mawazo inakukalia. Ukikimbia tu, haujui kupumzika. Kimbia, kisha tulia. Na kama woga inakuzidi, usiifiche. Ambia mukubwa akimbie na we."

Wakafumba macho, watatu, na wimbi likaja.